Namna ya Kutoka Rejistani

Shangazi yangu hakuwa mtu wa kukosea, na tulilijua hilo kwa sababu hakuacha kutukumbusha. Kazini, katika maabara ya kituo cha afya, wenzake walimwita Bi Mia. Mpimaji wa makohozi anatakiwa kusogeza kioo chini ya hadubini na kutazama sehemu mia moja kabla hajaandika kwamba hakuona vimelea vya kifua kikuu. Wavivu hutazama thelathini wakashika kalamu. Shangazi alihesabu mpaka mia, kwa sauti ya chini, kioo baada ya kioo, miaka thelathini na mmoja. Ukimsemesha akiwa amefika sehemu ya themanini na saba, ulisubiri zipite kumi na tatu ndipo ujibiwe. Vidole vyake vilishika wekundu wa dawa ya rangi usiokubali sabuni yoyote, na hata harusini hakuvificha.

Mimi ni karani. Nakaa jengo la pili, ofisi ya Mganga Mkuu, na mezani kwangu kuna rejista moja kubwa ambayo haikuwapo kabla Bunge halijapitisha Sheria ya Kudhibiti na Kutokomeza Kifua Kikuu. Zamani majibu ya vipimo yalikuwa yakilala kwenye droo. Majibu ya baba yangu, kaka yake shangazi, yalilala siku kumi na tisa chini ya boksi la glavu, na yalipoamshwa tulikuwa tumeshamzika. Sitajifanya kwamba hasira hiyo imeniisha.

Kwa hiyo sheria ilipotoka, shangazi alitafuta nakala yake, akaivalisha plastiki, akaisoma mpaka akaijua vifungu kwa namba. Anayeonekana na vimelea ataripotiwa kabla ya siku moja kwisha. Anayepika chakula cha watu wengi au kulea watoto atapumzishwa kazi mpaka daktari aridhike. Hakuna atakayefukuzwa kazi kwa sababu ya ugonjwa huu. Na anayeacha dawa atafuatwa mpaka mlangoni. "Hii sasa ndiyo sheria," alikuwa akisema. "Ina meno, lakini haimng'ati mgonjwa." Nyumbani tulimtania kwamba siku ya kufa atataja kifungu badala ya kuaga.

Alhamisi moja akaja kwake mpishi wa shule ya msingi, mama mtu mzima anayeishi na mjukuu wake wa kike, na kikohozi cha wiki tatu. Shangazi akaona vimelea vinne katika sehemu mia. Vinne ni vichache, lakini vikionekana huandikwa. Aliandika, karatasi ikanifikia kabla ya saa kumi, nikaliingiza jina la yule mama rejistani kwa mwandiko wangu mzuri. Kesho yake mpishi akapumzishwa, akaanza kumeza vidonge, na jikoni akawekwa mtu mwingine.

Shangazi alikuwa na desturi ambayo hakuna aliyemwamuru: baada ya wiki alivitoa vioo vyote alivyovipa jibu la "vipo" akavitazama upya. Alipofika kwa kile cha mpishi, akavikuta vile vimelea vinne, vijiti vyekundu. Safari hii akazungusha kile kirungu cha hadubini cha kurekebisha mwonekano. Makohozi yalipoonekana sawasawa, vijiti vikafifia. Vijiti vilipoonekana sawasawa, makohozi yakafifia. Maana yake vilikuwa havimo ndani ya makohozi. Vilikuwa vinaelea juu, ndani ya tone la mafuta ambalo mpimaji huliweka juu ya kioo ili aone vizuri. Tone lile hudondoshwa kutoka juu, na mdomo wa chupa haugusi kioo. Siku ile uligusa. Uligusa kioo cha mtu aliyetangulia, aliyejaa vimelea, ukavibeba mpaka kwa mpishi.

Akamwita mpishi, akachukua makohozi mapya mara mbili, siku mbili. Akahesabu mia, kisha mia nyingine. Hakukuwa na kitu.

Akaja dirishani kwangu. Nilijua kuna jambo kwa sababu alinisalimia kabla sijamwamkia.

"Mtoe yule mama," akasema.

"Nani, shangazi?"

"Mpishi. Haumwi. Nimekosea."

Neno hilo nilikuwa sijawahi kulisikia kinywani mwake, na kwa muda sikujua niliweke wapi. Lakini rejista niliijua. Nikaigeuza, nikamwonyesha. Kuna safu tatu tu za kutokea: amepona, amefariki, amehama. Aliyeitunga alifikiri maabara haikosei.

"Hakuna pa kumtolea," nikamwambia. "Asiyepona hatoki, na kupona ni miezi sita."

"Miezi sita anakunywa dawa za ugonjwa wa mtu mwingine?"

"Akiziacha, kifungu chako kinamfuata mpaka mlangoni."

Nikaona nimsaidie, kwa akili zangu za ukarani. Nikainama, nikasema kwa sauti ya chini, "Shangazi, nitaandika amehama. Nani atajua? Wewe umebakiza miezi mitano ustaafu."

Alinitazama vile anavyotazama kioo kilichopakwa ovyo.

"Amehamia wapi?" akauliza. "Kituo atakachohamia kitamtafuta mgonjwa asiyekuwepo. Na jikoni atarudi vipi mtu aliyehama? Mwanangu, baba yako hakuuawa na wajinga. Aliuawa na watu wenye akili kama hizi zako."

Iliniuma, na nilistahili.

Asubuhi iliyofuata alipita mbele ya dirisha langu amekumbatia hadubini, mfuko wa vioo ukining'inia kiwikoni, nakala ya sheria kwapani. Aliingia kwa Mganga Mkuu bila kuita hodi mara ya pili. Mimi nikapata ghafla faili la kupeleka humo humo.

"Kaa, daktari," akamwambia mtu aliyekuwa ameshakaa. "Tazama makohozi. Umeyaona? Sasa zungusha polepole. Vimelea viko wapi?"

Mganga Mkuu akazungusha, akarudisha, akazungusha tena. "Viko juu," akasema.

"Viko kwenye mafuta. Niliviweka mimi."

Daktari akavua miwani. Ni mtu mwema lakini mwoga wa karatasi. "Bi Mia, nakuamini. Tatizo ni sheria. Hainipi ruhusa ya kumwondoa mgonjwa katikati ya matibabu."

Shangazi akafungua ukurasa wa kwanza wa sheria, mahali ambapo hakuna mtu anayesoma. "Nisomee hapa. Rejista ya nini?"

"Rejista ya wagonjwa wa kifua kikuu."

"Yule si mgonjwa. Kwa hiyo simwombei atoke, daktari. Nakwambia hakuwahi kuingia. Kinachovunja sheria ni jina lake kubaki humo."

Daktari akavaa tena miwani. Kisha akasema anaweza kutia saini, ila sababu lazima iandikwe wazi, pamoja na jina na cheo cha aliyekosea, na nakala iende wizarani. Alilisema hilo kwa huruma, akidhani shangazi atarudi nyuma.

"Kalamu," shangazi akasema.

Nikaleta rejista. Nikapiga mstari juu ya mwandiko wangu mzuri. Shangazi akaandika pembeni kwa mkono wake: *Hakuwa mgonjwa. Mafuta yalibeba vimelea kutoka kioo kingine. Kosa ni langu.* Akaweka jina na cheo, daktari akatia saini, nikagonga muhuri.

Tukaenda wote kwa mpishi kumpelekea barua. Alikuwa anakaa peke yake kwenye chumba cha stoo, mlango wazi, mjukuu anacheza upande wa pili wa uwanja. Shangazi akamnyooshea mkono. Yule mama akauficha wake mgongoni. Siku kumi na mbili zilikuwa zimemfundisha hivyo. Shangazi hakuushusha wa kwake. Alisubiri, na kwa kuwa ni mtu aliyezoea kusubiri mpaka mia, mwisho mkono wa mpishi ulikuja.

"Kosa ni langu, dada," shangazi akamwambia. "Huumwi, na hukuwa unaumwa. Hicho kikohozi ni moshi wa lile jiko lisilo na dirisha, na hilo nalo lina kifungu chake. Nitamsomea mwalimu mkuu."

Mpishi akaisoma barua, akaikunja. "Barua atasoma mwalimu mkuu peke yake," akasema. "Nilipotolewa jikoni, shule nzima iliona."

"Basi shule nzima itasikia."

Jumatatu shangazi alisimama mbele ya mstari wa asubuhi, wanafunzi mia sita na wazazi kando ya ukuta, akayarudia maneno yale yale bila kupunguza hata moja. Mwisho akasema, "Leo nitakula hapa. Nina njaa." Mpishi alikuwa ameshageuka kwenda kukoka moto.

Miezi mitano baadaye shangazi alistaafu, na hakuna aliyemgusa. Wizarani walikaa na ile nakala mpaka mwaka ukaisha. Halafu zikaja rejista mpya, zina safu ya nne: hakuwa mgonjwa. Chini yake kuna mstari wa sababu. Aliyechapisha alihitaji mfano wa jinsi ya kuujaza, na mfano aliokuwa nao ni mmoja tu, akaunakili mzima pamoja na muhuri wetu, jina la shangazi tu akaliacha.

Safu hiyo haijazwi mara nyingi, na ikijazwa wizara hututumia nakala. Mwaka huu imejazwa mara saba, kutoka maabara za mbali ambazo sijawahi kufika, na watu ambao hawajawahi kumsikia Bi Mia. Wote, baada ya kueleza kilichotokea, wamemalizia na sentensi moja kabla ya saini. Juzi mmoja wao alinipigia simu kuuliza kama ni lazima kisheria kuandika "kosa ni langu." Nikamjibu ndiyo.