Siku Mtani Alipovaa Koti la Marehemu

Majina nayakumbuka yote. La mume wangu, la jirani aliyekuwa akiongeza sauti ya redio nikianza kulia, la mganga aliyenifunga kiwiko bila kuuliza kimevunjikaje. Siyataji. Nao wana wajukuu, kama mie.

Katika ndoa ile nilitoka na binti mmoja na mkono wa kushoto usionyooka. Nikapanga chumba Temeke, nikakaanga vitumbua, nikamsomesha. Miaka yote hiyo nilikuwaga nakaa jikoni uso nimeuelekeza mlangoni. Mwanamume alikwisha oa mwingine, kahamia Gongo la Mboto, mie bado namngoja aingie.

Alipokufa, binti yangu akaja. "Mama, twende. Kabla hawajamtoa, ndugu zake watakuomba umpe radhi. Sema tu umemsamehe, yaishe."

"Niseme kwa mdomo, na moyo je?"

"Mama, ni baba yangu."

Nikaenda. Kwa ajili yake, si ya marehemu.

Kwetu sie watu wa kusini, msiba una watani wake. Wana ruhusa ya kumwigiza marehemu na kumcheka mbele ya wafiwa, na hakuna wa kukasirika. Tumeketi mkekani na wanawake wenzangu, akaingia mtani mmoja, mama mfupi mnene. Kavaa koti la marehemu linamfika magotini, kofia imemfunika macho, mkanda mkononi.

"Wee mwanamke! Chai mbona imepoa?"

Sauti ile ile, hata kikohozi chake. Wanawake wakaangua kicheko. Mie kiwiko kikaanza kuuma.

Akauchapa mkanda hewani, ukamrudia mwenyewe mgongoni. "Mama weee!" Kofia ikadondoka. Akaja akapiga magoti mbele yangu. "Mke wangu, leo hata kuoga naogeshwa. Nipe radhi niende."

Binti yangu akainamisha kichwa.

Nikalitazama lile koti. Mabega yamelala, mikono imening'inia. Kumbe nilichokuwa nakiogopa ni hiki? Kicheko kikanitoka, machozi yakafuata.

"Nimekusamehe," nikasema, na moyo nikausikia umo humo kwenye neno. "Lakini ulinitenda vibaya. Usifike huko ukasema mie ndiye niliyekukosea. Na mkanda uache hapa."

"Haa! Sasa huko suruali nitaishikaje?"

Kicheko cha siku ile kilisikika mpaka kwa wanaume nje. Binti yangu alinishika mkono, ule wa kushoto, hakuuachia mpaka wamemtoa.

Mkanda nilirudi nao. Niliukata vipande viwili, nikavipigilia misumari kwenye mlango wa banda la kuku, vikawa bawaba. Ngozi nzuri, haijakatika mpaka leo.

Mkono haujanyooka na hautanyooka. Lakini siku hizi nakaanga vitumbua mlango nimeupa mgongo. Mtu akiingia, nangoja aseme shikamoo, ndipo nageuka.