Mpango wa kwenda kuvua bahari ya magotini tukitokea Butembo wakati wa vita, na jinsi heshima ya ushemeji ilivyoturudisha njiani

Wakuu, salamu kutoka Butembo, kwenye baridi na ukungu wetu wa asubuhi.

Juzi humu kuna jamaa aliuliza namna ya kwenda nchi za joto kuvua baharini kwenye maji mafupi, kwa bajeti ndogo, bila guide wala kampuni ya watalii. Wengi mlimjibu kwa picha. Mimi picha sina. Nina mpango kamili, niliupanga miaka mingi ya vita, na sijawahi kwenda.

Nayosema yote ni kweli tupu. Kiswahili changu ni cha Kongo, mnivumilie.

Basi iko hivi.

Mimi ni fundi cherehani. Dada yangu Kavira ameolewa na Kakule, muuza vitenge. Kabla ya vita Kakule alifuata mzigo wake hadi pwani ya Kenya, mzigo ukachelewa bandarini, akawa anatembea ufukweni kupoteza muda. Huko akamkuta mzungu mzee amesimama katikati ya bahari, maji magotini, ana fimbo nyembamba ya kuvulia, anamnyemelea samaki mmoja tu kama mtu anayemfuata kuku wa jirani.

Wakawa marafiki. Mzee alipoondoka alimwachia ile fimbo na kigurudumu chake cha uzi.

Kakule aliporudi hakuongea habari ya vitenge tena.

"Semeki," aliniambia, maana ndivyo tunavyomwita shemeji huku, "ile mayi iko mufupi, inakuishia ku magoti. Unatembeya ndani mbali, mbali kabisa. Samaki unamuona na macho anakuya. Unamutupia ndoano. Ukimushika, unamuachilia."

"Unamuachilia? Na mboga itatoka wapi?"

"Mboga hapana. Ni furaha tu."

Nilicheka sana siku hiyo. Mnande, mtu wa kabila letu, aache samaki mzima aende zake!

Halafu vita vikaja na kicheko kikaisha. Ninyi mlio mbali, niwaambie jambo moja. Huku kwetu ni milima na migomba, huoni anayekuja mpaka amefika mlangoni. Usiku ukisikia mbwa anabweka unaanza kuhesabu watoto. Ndipo maneno ya Kakule yakaniingia. Mahali palipo wazi pande zote, maji meupe, unaona kila kitu kinachokujia, na kinachokujia ni samaki tu. Nilipatamani mahali hapo hadi kifua kikauma. Sikuwahi kutamani kitu vile, hata mke wangu anajua na amesamehe.

Tukaanza kupanga.

Usafiri: malori ya kahawa. Wafanyabiashara wa kwetu walikuwa bado wanapeleka kahawa Mombasa kupitia Kasindi na Kampala, na dereva mmoja alikuwa mteja wangu. Nikamshonea suruali, akatupa nafasi juu ya magunia.

Malazi: depo za watu wa nyumbani. Popote kuna soko kubwa, kuna mtu wa Butembo anayelala juu ya mzigo wake. Utapewa kona.

Chakula: unga wa muhogo na maharage, tunabeba wenyewe.

Viatu: kandambili za tairi, maana Kakule alisema chini kuna miamba na vidudu vyenye miiba.

Chambo: hapa ndipo nilijivunia ufundi wangu. Samaki yule anakula kamba wadogo. Nilichukua manyoya ya jogoo na nywele za mbuzi, nikayafunga kwenye ndoano kwa uzi wa cherehani mpaka yakafanana na kamba kabisa. Kakule alikuwa anazikagua moja moja kama mtu anayenunua dhahabu ya Manguredjipa.

Mazoezi tulifanyia kwenye uwanja wa mpira wa parokia. Tunaweka kopo la maziwa kwenye nyasi, tunarusha uzi, tunalenga kopo. Mama mmoja akipita na kitunga chake alisimama akatutazama muda mrefu.

"Munavua mu majani? Samaki gani inakaa mu terrain?"

Tukarusha uzi tena. Akaenda zake akisema, "Maskini, vita imebaharibu kichwa."

Tuendelee.

Siku ikafika. Kavira alitupikia, tukasali, tukapanda juu ya kahawa. Tulipita Beni salama. Njia ya kwenda Kasindi kulikuwa na barrière nyingi, yaani vizuizi vya barabarani, na kwenye mojawapo askari wa uasi wakatushusha. Walipapasa mizigo, wakakuta fimbo imefungwa ndani ya kitenge.

"Hii njo antenne ya phonie!" mmoja akapiga kelele. "Bako espions!"

Wakuu, wakati ule kukutwa na phonie, radio ya mawasiliano, na kuitwa mpelelezi kulitosha kukumaliza. Tulikalishwa chini kwenye vumbi. Nilijaribu kusali nikasahau maneno.

Kakule akamwomba kamanda amruhusu aonyeshe kazi ya fimbo. Akapewa. Akaomba kopo liwekwe mbali barabarani, akarusha. Ndoano yangu ya manyoya ikatua ndani ya kopo.

Askari walishangilia kama goli limeingia! Hata kamanda alicheka. Kisha akakaza uso.

"Mimi nimeamini. Lakini kule mbele batabauwa na hii. Haiwezi kuvuka. Mukitaka kupita, muniachie. Mukitaka fimbo, murudi nayo kwenu. Muchague mbio."

Sasa sikilizeni vizuri.

Moyo wangu ulisema: acha fimbo, twende. Lakini fimbo ni ya Kakule, na Kakule ni mume wa dada yangu. Kwetu shemeji humpingi mbele za watu, wala humwambii aache mali yake. Tena mtu wa Butembo kuacha mali barrière ili mwili upite? Nikaona hiyo ni kumvua nguo.

Nikamwambia kwa adabu, "Semeki, kitu ni yako. Weye sema."

Akanitazama, akatazama chini. "Kama semeki anaona turudi, turudi."

Mimi sikusema turudi! Lakini ningembishia vipi?

"Donc turudi," nikasema.

Dereva akawasha lori. "Musijali," akatupigia kelele, "bahari haihame!"

Kweli bahari haikuhama. Sisi ndio tulihama. Duka la Kakule liliporwa, akamchukua dada yangu na watoto wakavuka Uganda, na baada ya miaka ya kambi ya wakimbizi wakapelekwa nchi ya baridi ambako ziwa linakuwa jiwe. Mimi nilibaki na cherehani yangu.

Mwezi uliopita nilikuwa naongea na Kakule kwa simu. Anatembea kwa fimbo ya wazee sasa. Nikamwambia angalau siku ile tuliokoa mali yake.



"Semeki," akasema, "ile fimbo hapana kitu. Mimi nilikuwa nataka tuione ile mayi na weye. Nilizani weye hautaki kufika mikono mitupu."

Nikamwambia na mimi nilitaka kupita. Tukaiacha bando iishe. Nililia wakuu, mwanaume mzima, na wateja wanangoja nguo zao.

Nilichojifunza: vifaa utavikuta mbele ya safari, mwenzako hutamkuta. Na heshima ni nzuri, lakini njia ikiwa wazi sema unachotaka, useme kwa sauti.

Kwa mwenye uzi wa juzi, mpango wangu ni huo, uchukue bure. Wengine mwage comments, hata za kunicheka.

Ila ombi moja kwenu mlio pwani, mliozoea bahari hadi hamuioni tena. Mtu ashuke kesho asubuhi maji yakiwa yametoka, atembee ndani mpaka yamfike magotini, aandike hapa anachokiona, pole pole, asiruke kitu. Jumapili nitampigia Kakule nimsomee.