Jasho la Bombani

Masele Luhende alikuwa bwana shamba wa pamba, mtu wa pikipiki. Aliweza kutoka Bariadi mjini asubuhi, akazunguka vijiji vinne, akarudi jioni bila miguu yake kugusa ardhi kwa muda wa kutosha kuichosha. Wakulima walimpenda. Kila nyumba aliyofika alipewa kiti, baada ya kiti ugali, na baada ya ugali maziwa ya mgando. Tumbo lilikuja taratibu, likawa lake, na alipofikisha miaka arobaini na sita alikuwa amezoea kufunga mkanda chini yake bila kuliangalia.

Kilichomshtua ni kichwa. Kilimuuma siku tatu mfululizo, na mkewe Precious akamlazimisha kwenda zahanati. Nesi aliyempima, Rahma, alifunga kile kitambaa cha kipimo mkononi, akasoma, akafungua, akafunga tena mkono wa pili.

"Mia moja sitini na tano kwa mia moja na tano," alisema. "Baba, hii si presha ya kuchezea. Nitakupa dawa, lakini dawa peke yake haitoshi. Kila siku nusu saa. Tembea haraka, au kimbia taratibu. Sikutishi, nakuomba."

Masele alitoka pale ameogopa kwelikweli, ila hofu yake haikumpeleka barabarani kukimbia. Ilimpeleka sokoni. Alikuwa na imani moja tangu ujana, kwamba mtu akishavaa kazi, kazi yenyewe inakuja. Alikwenda kwa Khatibu, muuza mitumba ambaye ana kipaji cha kumtazama mteja na kumwambia yeye ni nani.

"Wewe ulikuwa mwanamichezo," Khatibu alisema.

"Winga ya kulia," alijibu Masele, kifua kikimpanda. "Sekondari."

"Nimejua kwa magoti." Khatibu akachomoa kwenye rundo bukta ya bluu, nyepesi kama karatasi, fupi, imepasuliwa pembeni mpaka karibu na kiuno. "Hii ndiyo ya wakimbiaji. Trakisuti inabana jasho, unachoka haraka. Hii ukivaa, miguu yenyewe inataka kwenda."

Nyumbani, Precious aliishika ile bukta kwa vidole viwili, akaigeuza mbele na nyuma.

"Baba Elia, hii ni ya ndani au ya nje?"

"Ya nje. Ndiyo wanavyovaa."

"Wanaovaa wana miaka mingapi?"

Masele aliichukua, akaipima kiunoni. Alikuwa na suruali ya trakisuti nzuri tu kabatini, lakini ilikuwa ya zamani, na aliona haiwezi kumtoa kitandani.

Na kwa wiki mbili bukta ile ilimtoa kitandani kweli. Kumekucha tu yuko nje. Siku ya kwanza alikimbia hadi nguzo ya tatu ya umeme akasimama kushika mbavu. Siku ya kumi alifika kwenye daraja dogo na kurudi bila kusimama, akiwa anasikia pumzi yake mwenyewe, na akakumbuka jinsi uwanja ulivyokuwa ukifunguka mbele yake alipokuwa na miaka kumi na saba. Alijipiga picha, akaituma kwenye kundi la wasapu la ofisini. Watu walimpigia makofi ya vidole vya simu. Alitembea siku nzima akitabasamu.

Jumatatu ya wiki ya tatu alikuwa anarudi, amelowa, wakati alipoona kwa mbele wanawake watatu wanakuja upande wake. Wawili walikuwa na mabeseni kichwani. Wa tatu, mrefu, amejifunga khanga begani, alikuwa anatembea kwa namna ya kuvuta mguu wa kushoto kidogo. Masele aliujua mwendo ule kabla hajauona uso. Ni Mama Salu, mama mzazi wa Precious, aliyekuwa amekuja kutoka Kimali kwa ajili ya kliniki ya kisukari na kufikia kwa mwanawe mkubwa, Salu, upande wa pili wa mji.

Kwa Wasukuma wa malezi ya Masele, mama mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Unamwamkia kwa mbali, umeinama. Hamkai kiti jirani. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayempisha, na unampisha mapema. Miaka kumi na tisa ya ndoa, Mama Salu hakuwahi kumwona mkwewe bila shati la mikono. Na sasa mkwewe alikuwa anamjia mbio, mapaja yote nje, na lori lililobeba marobota ya pamba lilipopita, upepo wake uliipeperusha ile bukta kama bendera.

Masele alikata kona. Kulikuwa na uzio wa minyaa kando ya barabara, akajitupa nyuma yake na kuchuchumaa. Matawi yalivunjika begani kwake, utomvu mweupe ukachuruzika, na tone moja likamwingia kwenye jicho. Mtu ambaye utomvu wa minyaa haujawahi kumwingia machoni hawezi kuelewa. Alijiziba mdomo kwa viganja viwili asipige kelele.

Angebaki hapo, wale wanawake wangepita. Lakini mwenye nyumba, mzee Yakobo, alikuwa uani kwake anapiga mswaki, na alichokiona ni mtu mzima amechuchumaa kwenye uzio wake, mapaja wazi.

"Wewe!" alifoka, sauti ikasikika mpaka barabarani. "Huna aibu? Unajisaidia kwenye uzio wangu asubuhi yote hii, choo huna kwako?"

Masele alisimama. Hakuwa na la kufanya isipokuwa kusimama. Kwa jicho lake moja zima alimwona Mama Salu amegeuka kutazama, akamwona amemtambua. Mama yule alivuta khanga akajifunika uso, akageuka, akaketi chini palepale kando ya lami, mgongo kwake. Wenzake wawili waliweka mabeseni chini wakacheka mpaka wakashikana.

"Mwangaluka, mayu," Masele alisema, kwa sababu hakuwa na maneno mengine, na salamu ya heshima haijawahi kusikika vibaya namna ile.

Kisha akaondoka, jicho limefumbwa.

Nyumbani alisema ameingiwa na mdudu jichoni. Saa nne simu ya Precious iliita. Precious alisikiliza kwa muda mrefu, akasema "ndiyo, mama" mara nyingi, akakata. Hakumcheka mumewe wala hakumgombeza.

"Mama anasema leo hatapita kwetu," alisema tu. "Anarudi Kimali moja kwa moja."

Masele aliificha bukta chini ya godoro na hakuivaa tena. Lingekwisha hapo, lingekuwa jambo la kuchekesha, la kusimuliwa kwenye harusi baada ya miaka. Lakini asubuhi iliyofuata Precious alimwamsha. "Amka, vaa ile trakisuti. Usiache dawa kwa sababu ya nguo." Masele alivaa, akatoka, akafika kwenye kona ya barabara ile, na miguu ikakataa. Aliona kama kila mlango una mtu anayemngoja apite ili acheke. Akageuza njia. Alielekea stendi, ambako mama mmoja aitwaye Maua ana kibanda cha chai, akaketi benchi la nyuma. Akaagiza chai na vitumbua vitatu. Nusu saa ilipokwisha, alikwenda kwenye bomba la pembeni, akajimwagia maji kichwani, shingoni na kwapani, akarudi nyumbani akihema.

"Umejitahidi," Precious alimwambia, akampa taulo.

Alikuwa amepanga iwe siku moja. Kesho yake akaenda tena kwa Maua, na keshokutwa. Jambo baya lilikuwa rahisi mno. Kila asubuhi alipokuwa anainama chini ya bomba lile alijidharau, na kila asubuhi alipopewa taulo alijidharau zaidi, na bado kesho yake alikwenda. Precious alianza kumchemshia mayai. Aliwaambia majirani kwamba mumewe amekuwa mtu mwingine. Mwanawe Elia, aliyekuwa kidato cha pili, alimwambia kwa simu kutoka bwenini, "Baba, na mimi nimeanza kukimbia." Masele alimjibu vizuri sana, akamshauri asianze kwa kasi, kisha akakaa ameshika ile simu iliyokwisha kukatwa.

Mwezi wa pili ulipotimia alirudi zahanati, na Precious alikwenda naye, amevaa vizuri kama anayekwenda kusikia matokeo ya mtihani. Rahma alipima. Akapima tena.

"Mia moja sabini na mbili," alisema. "Dawa unakunywa?"

"Nakunywa."

"Mazoezi?"

Masele alimtazama mkewe. "Nafanya."

"Kila siku?"

"Kila siku," Precious ndiye aliyejibu. "Anarudi amelowa. Mimi ndiye shahidi."

Rahma aliweka kalamu chini. Alisema kama mtu anakimbia kila siku, anakunywa dawa, na presha bado inapanda, basi kuna kitu kingine. Akaandika barua ya kwenda hospitali wampime figo na moyo, akaongeza dawa ya pili. Alivyokuwa anaandika, Masele alifungua mdomo mara mbili na kuufunga. Njia nzima ya kurudi Precious alitangulia, barua mkononi. Walipofika uani aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia huku amejifunika uso kwa kitenge, na Masele alisimama mbele yake mikono ikining'inia.

Hata hapo hakusema.

Siku mbili baadaye alikuwa tena kwa Maua. Alikuwa amekwisha kula, ameinama bombani, maji yanamtiririka mgongoni, alipojifuta uso na kumwona Mama Salu ameketi kwenye benchi la mbele na kikombe cha uji. Alikuwa amekuja kliniki. Alikuwa ametembea kutoka kwa Salu mpaka pale, mwendo wa dakika arobaini kwa mguu wake ule, kwa sababu naye aliambiwa atembee. Safari hii Masele alikuwa amevaa kila kitu, suruali ndefu, fulana, raba. Mdomoni alikuwa bado na mafuta ya kitumbua.

Mama mkwe hakugeuka wala hakujifunika. Alimwita Maua, na akasema naye huku macho yakiwa kwenye uji wake, kama inavyofaa mtu anapokuwa na neno kwa mkwewe.

"Mwambie huyo baba anayejimwagia maji," alisema, "kwamba yale ya barabarani mimi yalinichukua siku tatu kuyasahau. Nimezaa wanaume wanne. Miguu ya mtu ni miguu."

Maua alimtazama Masele, hajui kama anatakiwa kurudia. Masele alikuwa ameganda, maji yakimdondoka puani.

"Mwambie," Mama Salu aliendelea, "juzi binti yangu alinipigia simu. Anasema mumewe anakimbia kila siku na anazidi kuugua. Anasema lazima kuna mtu anamchezea. Ameniomba nimtafutie mganga kule kwetu. Nikamwambia asubiri, nitakuja kliniki, tutaongea." Akanywa funda moja. "Mwambie sasa mimi nimeona mganga hahitajiki. Lakini sitamwambia binti yangu. Si kazi yangu."

Alimaliza uji wake taratibu, akasimama, akaondoka akivuta mguu.

Masele alirudi nyumbani bila kuhema. Precious alikuwa ameshika taulo mlangoni. Masele hakulipokea. Alimwambia yote palepale wamesimama, kuanzia kona ile mpaka bomba, idadi ya vitumbua, barua ya hospitali, kila kitu, na kadiri alivyosema ndivyo sauti yake ilivyozidi kushuka, mpaka maneno ya mwisho Precious alilazimika kuinama ili ayasikie.

Alitegemea kufokewa. Alitamani kufokewa. Precious alilikunja taulo mara nne.

"Nilisimama kwenye ibada ya jumuiya," alisema. "Mbele ya watu wote. Nikaomba wakuombee. Mama Gloria alifunga siku mbili kwa ajili yako, mama wa watu, mzee, hakula."

Akaingia ndani. Wiki nzima alimpikia, akamfulia, akamwamkia asubuhi, na hakumwita Baba Elia hata mara moja.

Masele alikwenda kwa Rahma peke yake. Kusema mbele ya nesi kulikuwa kugumu kuliko alivyofikiri, kwa sababu chumba kilikuwa na pazia tu na nje watu walikuwa wanangoja. Rahma alisikiliza, akachukua ile barua. Hakuichana.

"Vipimo utafanya," alisema. "Na kuanzia leo ukija hapa usinifurahishe. Niambie ukweli, hata ukiwa mbaya."

Jumapili, baada ya ibada ya jumuiya, alisimama na kuwaambia watu kwamba maombi yao yalijengwa juu ya uongo wake. Alisema kwa kifupi, akitazama sakafu. Hakuna aliyecheka. Mama Gloria alisema, "Basi kaa chini, mwanangu," na huruma ile ilimchoma kuliko kicheko cha wale wanawake wa mabeseni.

Vipimo vilionyesha figo nzima na moyo uliochoka kidogo. Alianza kutembea, si kukimbia, amevaa suruali ya kazini iliyopauka na shati. Kwa miezi ya kwanza alipita njia za nyuma. Presha ilishuka mpaka mia moja arobaini na mbili, ikapanda kidogo wakati wa msimu wa pamba, ikashuka tena. Zipo asubuhi anazoshindwa, mvua ikinyesha au uvivu ukimlemea, na siku hizo anabaki kitandani mpaka jua litoke.

"Leo sijaenda," anamwambia mkewe.

"Haya," Precious anajibu, na kuendelea na kazi yake. Amerudi kumwita Baba Elia, ila bado, mara mojamoja, humtazama shingoni, kujua ni jasho au ni maji, kabla ya kusema kitu, na Masele huinamisha kichwa na kungoja amalize kutazama.