Kadi ya Njano ya Klementi

Klementi, mwenyeji wa Rondo, alikuwa mganga wa zahanati ya kijiji kimoja jirani na Miteja. Mwaka 1976 watu walimwita daktari, kwa kuwa hapakuwa na daktari wa kweli wa kukasirika. Alipenda takwimu kama wenzake walivyopenda mpira.

Wagonjwa wa kifafa, ugonjwa wa kuishi nao maisha, aliwapa dawa tangu siku ya kwanza, ndani ya bahasha za kaki alizoziandika jina na tarehe kwa mkono wake. Kadi ya njano ilikuja baada ya miezi mitatu ya kuhudhuria. Kadi zilikuwa chache, na Klementi hakutaka kuzipoteza kwa watu wasio na msimamo.

Mwisho wa mwaka akahesabu. Wenye kadi, kumi na tisa: amekufa mmoja. Wasio na kadi, saba: wamekufa watano. Akaandika kwamba wanaofuata dawa wanaishi na wakaidi wanakufa, akaisoma taarifa kwenye mkutano wa kijiji pamoja na majina ya wakaidi. Mwenyekiti, Mzee Huseni, aliongoza makofi. Jina la nne lilikuwa Sada Bakary, miaka tisa, aliyeshikwa na kifafa akaangukia motoni.

Tangu siku hiyo wanawake walimpisha mama yake, Ziada, achote maji kwanza kisimani. Hakuna adhabu yenye adabu kama hiyo.

"Ungempa tu ile dawa, shoga yangu," alisema jirani yake Moza, kwa upole wote.

Ziada akaenda zahanati na bahasha mbili.

"Shikamoo, mama."

Ziada aliziweka mezani. "Soma."

Klementi akasoma mwandiko wake. Sada Bakary, 2 Machi. Sada Bakary, 1 Aprili.

"Vidonge thelathini kila bahasha, kimoja kila siku, ulisema. Alikufa tarehe ishirini na saba Aprili kabla hajameza cha siku hiyo. Hesabu vilivyobaki."

Vilibaki vinne. Hesabu ilikuwa sawasawa.

"Lakini hakuwa na kadi, mama."

"Kadi ungempa lini?"

"Juni."

Alilisikia jibu lake mwenyewe. Akafungua daftari. Katika wale watano, wanne walikufa kabla ya kutimiza miezi mitatu, dawa ikiwa nyumbani. Ili upate kadi ilibidi kwanza uwe hai miezi mitatu. Walioshindwa sharti hilo aliwaita wakaidi.

"Nitarekebisha daftarini, mama."

"Mimi napishwa kisimani, sipishwi daftarini."

Mzee Huseni hakufurahi alipoombwa nafasi ya kusahihisha mkutanoni. "Ndugu, taarifa imeshafika wilayani. Wameisifu."

"Ndiyo maana naona aibu, mzee."

"Basi ona aibu kimyakimya."

Mkutano uliofuata ulikuwa wa korosho. Klementi alisubiri hadi "mengineyo", akasimama na karatasi yake. Akasoma kwamba alihesabu vibaya, kwamba Sada Bakary alimeza dawa siku hamsini na sita bila kukosa, na kwamba mkaidi hakuwa yeye wala mama yake.

"Huko nyuma hawajasikia," alisema Ziada, aliyeketi mstari wa mbele.

Akasoma tena.

Asubuhi yake Ziada alikuta foleni kisimani. Hakuna aliyempisha, kama zamani. Moza alimkanyaga mguu, na ndoo yake akaitanguliza.

Klementi alipita njia ya mikoroshoni, iliyo ndefu zaidi lakini haipiti kisimani, akaendelea kuipita hadi alipohamishwa.