Siku Kaimu Alipopita Paani

Kaimu, mwenyeji wa kijiji cha Nkowe, alikuwa mtu mrefu, mpole, asiye na maneno. Akitembea, ungedhani miguu ile ameiazima na hajaizoea. Alikuwa amefanya kazi Nachingwea kwenye mashamba makubwa ya karanga ya Wazungu, akikusanya visiki nyuma ya matrekta. Kazi ilipopungua wakamwachisha, akarudi kwao na blanketi, nyundo na kopo la misumari. Mkewe alikwisha kufariki. Sasa moyo wake ulikuwa Mbekenyera, kwa Sikuzani, binti wa Bi Fatu.

Mwenye kauli juu ya Sikuzani alikuwa mjomba wake, Mzee Mikidadi, kama ilivyo desturi ya Wamwera. Mzee hakukataa wala hakukubali.

"Nyumba ya dada yangu imeliwa na mchwa," alimwambia Kaimu. "Watu wanamjengea nyingine. Njoo nawe usaidie, tukutazame. Paa likiisha, utapata jibu."

Kazi Kaimu hakuiogopa. Alichoogopa ni Bi Fatu. Mposaji hamtazami mama mkwe, wala hasemi naye. Akimwona anakuja, humpisha, hata ikibidi aingie miibani. Mama naye humkwepa vivyo hivyo. Sasa utamkwepaje mtu ambaye nyumba ni yake?

Tangu asubuhi Bi Fatu alikuwa akikatiza uwanjani na mitungi ya maji, na kila alipotokea, Kaimu aliacha alichoshika akatumbukia kichakani. Swalehe, binamu yake Sikuzani, mtu asiyejua kunyamaza, alikuwa juu ya paa anamwona.

"Shemeji! Umekuja kujenga au kuwinda sungura?"

Watu wakacheka. Kaimu akatoka na majani kichwani, asijue acheke au aombe radhi. Akawaza: huku chini nitamaliza siku bila kufanya kitu, na mzee ananitazama. Juu hakuna mama mkwe. Akapanda.

Wenzake walikuwa wakifunga fito za mianzi kwa kamba za magome zilizolowekwa. Kaimu akajaribu. Kila fundo lake lilifunguka kabla hajageuka. Ndipo akakumbuka kopo lake la misumari. Akashuka kulichukua, akapanda tena, akaanza kupigilia, ko, ko, ko, na fito zikakaa pale pale alipotaka.

"Nachingwea hiyo!" Swalehe akasema. "Lakini shemeji, mwanzi mkavu haupendi msumari. Unapasuka huo."

Kutwa nzima Swalehe alikuwa akitania, basi Kaimu akadhani na hilo ni utani. Akatabasamu, akaongeza msumari mwingine. Wakaanza kuezeka nyasi, yeye akisogea juu, nyasi zikimfuata.

Jambo moja hakulijua. Bi Fatu, kwa kutomwona tena pale uwanjani, alidhani amekwenda porini kukata miti. Akashukuru, akaingia ndani ya nyumba hiyo mpya kupumzika kivulini, na chungu cha togwa mkononi.

Mwanzi ukapasuka. Kaimu alisikia mlio, akaona mbingu, akaona nyasi, kisha hakuona kitu. Alikuwa chini, amefunikwa na nyasi, na togwa inamtiririka shingoni. Akapapasa ajue kama ni mzima. Mkono ukashika kitambaa. Akafungua jicho moja. Ilikuwa kaniki nyeusi, na mbele yake nyayo mbili za mwanamke mtu mzima.

Akafumba jicho haraka. Afanye nini? Akiinuka, watatazamana. Akisema pole, amesema naye. Akinyamaza, amemwangukia mama wa watu na hakuomba hata radhi. Akabaki amelala.

"Amekufa!" mtu akapiga kelele nje. Kuta zilikuwa bado hazijakandikwa, na kila nafasi kati ya miti ilikuwa na jicho.

Kisha Bi Fatu akasema, taratibu, ameuelekea mti wa katikati ya nyumba.

"Wewe nguzo, nakuuliza. Huyu aliyeshuka kwako amevunjika?"

Kaimu hakuelewa. Nguzo itajibu nini?

"Jibu, shemeji!" Swalehe akanong'ona kutoka kwenye tundu la paa. "Jibu kwa nguzo!"

"Nguzo," Kaimu akasema ndani ya nyasi, "mwambie mama... mimi mzima. Mwambie nisamehewe."

"Nguzo, mwambie basi aachie kaniki yangu, nitoke."

Kumbe alikuwa ameing'ang'ania muda wote huo! Akaiachia kama aliyeshika kaa la moto. Nyayo zikaondoka.

Akatoka akichechemea, akakaa nyuma ya lundo la nyasi. Ng'ambo alimsikia Mzee Mikidadi akizungumza na dada yake, lakini maneno hayakufika. Kisha akasikia kicheko cha mwanamke. Cha heri au cha shari? Akaanza kufunga blanketi lake. Paa halikuisha. Yeye ndiye aliyelitoboa.

Sikuzani akaja na kibuyu cha togwa na mzigo wa kamba zinazochuruzika maji.

"Mama anasema ung'oe misumari yote. Swalehe atakufundisha kufunga."

"Halafu niende?"

"Uende wapi? Anasema kesho ukandike chumba cha nyuma, na mlango wake uufungue upande wa pili, usielekee kwake."

Kaimu akatazama kamba, akamtazama Sikuzani. "Mama yako ni mmoja. Chumba cha nyuma cha nani?"

Sikuzani akafunika mdomo kwa mkono, mabega yakimtikisika kwa kicheko. "Kamuulize nguzo," akasema, akaondoka.

Kaimu akageuka, akaitazama nguzo kweli, kwa muda mrefu, kamba zikimlowesha miguu. Swalehe akamwita kutoka juu, na safari hii hakumtania.

"Panda, shemeji. Lete kamba, tuzibe tundu lako."