Dodoki Lililozuia Ukuta

Jua la Agosti limefika uani, Bagira, kaskazini mwa Bukavu. Lydie Nabintu, mwenye miaka hamsini na miwili, amepanda juu ya kiti. Anatikisa dodoki karibu na sikio. Mbegu zinagonga ndani. Analikata. Linalofuata liko kimya, analiacha.

"Yenye haiyalia, haiyakomaa," anasema. "Ukikata, unapata utelezi tu."

Madodoki machanga hupikwa kama mboga. Yaliyokauka huyamenya, huyaosha na kuyauza sokoni kwa watu wanaojisugulia wakioga, faranga elfu mbili kila moja.

Kiwanja chake ni chembamba, hivyo mimea hutambaa juu ya ua wa matete wa jirani. Majirani wana desturi yao: changa linaloning'inia kwako, pika. Ukiliacha likakomaa, ni la Lydie. Lile la mbegu, bora kuliko yote, analolifunga kitambaa chekundu, haligusi mtu.

Mwaka huu mvua iliozesha mengi. Lilibaki moja tu lililofaa kwa mbegu, tena upande wa jirani yake Papa Léopold, karani, aliyekuwa amepanga kubomoa matete ajenge ukuta.

"Maman Lydie, bamaçon batafika samedi. Kata eponge yako," alimwambia, akilionyesha dodoki.

"Iko kijani, Papa. Mbegu haiyakuwa nyeusi, haitaota. Na sina ingine ya mbegu."

"Sasa ukuta yangu ingojee eponge?"

"Ingojee kidogo. Eponge yangu njo ilikuogesha ukaenda kuoa."

"Na bado iko na kazi!" mkewe, Francine, alidakia kutoka jikoni.

Lakini Jumamosi mafundi waashi walipofika, Papa Léopold aliwaonyesha kwa mkono: anzeni kule, na kule, hapa muache.

Ndiyo maana ukuta mpya una pengo kama la mlango, na katikati yake kipande cha matete makuukuu. Wapita njia huuliza kama matofali yaliisha.

Leo Lydie anahamisha kiti hadi kwenye pengo. Anashika dodoki lenye kitambaa, limekuwa la kahawia na jepesi. Anatikisa.

Linalia.

Anang'oa kifuniko cha chini, na mbegu nyeusi zinamiminika kwenye kitenge chake. Septemba, mvua zikianza, atazipanda chini ya ukuta.

"Nifunge tundu sasa?" anauliza Papa Léopold.

"Funga. Lakini kule juu uweke misumari, mumea ipate fasi ya kushika."

"Kwa ukuta yangu! Basi za upande yangu nitakula zote."

"Kula, Papa. Yenye kitambaa, uache."