Mara Mbili Same kwa Ajili ya Ndiva

Same mjini mimi huwa nashuka kwa mambo mawili, msiba au jino. Safari hii nilishuka mara mbili ndani ya siku mbili, jino halikuniuma na hakuna aliyekufa. Ilikuwa ni habari ya ndiva.

Kwa ninyi mnaosoma mkiwa mbali, ndiva ni bwawa letu la mlimani, la mawe na udongo, walilolichimba mababu huku Mamba. Kijito kinalijaza usiku, asubuhi tunafungua, na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Hakuna anayelipwa. Tope likijaa tunaitana msaragambo, maana yake watu wote na majembe yao, na asiyekuja tunamfuata nyumbani tukamwimbie mlangoni mpaka aone aibu. Mambo yalienda hivyo tangu zamani bila ofisi wala mhuri.

Sasa ukuta umepasuka upande wa chini. Tumeshindilia udongo, tumeshindilia mawe, maji yanatoka tu. Shirika moja likaahidi saruji na fundi kabla ya mvua za vuli, ila kwa vikundi vilivyoandikishwa wilayani. Jumatano mtendaji wa kijiji alitusomea barua: mwisho Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri. Mvua ikiukuta ule ufa, ukuta unaondoka, na mashamba yote ya chini ya mfereji hayana tangawizi tena wala maharage. Nikasema nakwenda mimi. Mimi ndiye ninayeita zamu kila asubuhi, nazijua zote kichwani.

Jumatano hiyo hiyo jioni niliandika orodha ya wanachama kwa mkono wangu. Niliishia darasa la nne, lakini mwandiko wangu mwalimu aliusifu, na niseme ukweli nilijivuna. Niliandika majina yote ya zamu, moja chini ya jingine, bila kukata hata moja.

Alhamisi saa kumi na moja alfajiri nilipanda bodaboda kuteremka. Barabara ya kwetu ina kona, na dereva alikuwa anaongea na simu huku anakata kona. Nilimwambia, "Mwanangu, mimi nina orodha ya watu mfukoni, usiniongeze kwenye orodha nyingine." Akacheka, akaendelea kuongea na simu. Chini nikapata gari.

Kijiji cha Kisiwani gari ilisimama kuchukua abiria. Akapanda mama mmoja wa Kimaasai, shuka lake safi, kwapani faili la plastiki. Akakaa pembeni yangu. Nikamwona anachungulia karatasi zangu.

"Mzee, na wewe unakwenda ofisi ya Maendeleo ya Jamii?"

"Nakwenda. Tuna bwawa letu."

"Na sisi tuna josho la ng'ombe," akasema. Jina lake Mama Naserian. "Tulilijenga wenyewe, wanawake. Wanaume walisema halitasimama. Sasa wanaleta ng'ombe wao kwanza."

"Ninyi watu wa ng'ombe mnaandikisha nini? Kesho mmehama."

"Na ninyi Wapare mtaandikishaje bila kushtakiana? Jogoo mmoja akiwika kwa jirani, kesi."

Gari zima likacheka. Na mimi nikacheka, maana kaka yangu alipelekwa baraza la kata kwa sababu ya mgomba ulioinama upande wa pili wa mpaka. Hiyo ni habari ndefu, tuiache. Mgomba wenyewe ulikuwa wa ndizi za pombe, na waliushtaki wakati umeshaiva.

Saa nne tulikuwa Same. Upepo wa Same unaujua, unakutia vumbi mdomoni kabla hujasalimia mtu. Kwenye baraza la ofisi nilisimama nikashangaa. Maisha yangu yote nilidhani watu wanaofanya kazi ya bure kwa pamoja ni kanisa, msikiti na sisi wa ndiva. Kumbe! Walikuwepo kina mama wa kufa na kuzikana, na masufuria yao yameandikwa jina la kikundi kwa rangi nyekundu. Alikuwepo kijana asiyeona na mwenzake wa magongo, chama chao kinasomesha watoto wenye ulemavu. Shehe mmoja, kikundi chake kinachimbia watu visima. Wakulima wa mpunga. Kwaya. Watu wa kupanda miti, wawili, kila mmoja na kikundi chake, na hawasalimiani. Mwanamke mmoja aliyepokea yatima wa dada yake, wakaongezeka wa jirani, mpaka watu wakamwambia hilo sasa ni shirika. Ndani, mafaili yamejaa kabati, mengine yamepangwa sakafuni mpaka dirishani. Nikajiuliza, serikali ingewalipa hawa wote kazi wanayofanya, hela ingetoka wapi?

Zamu yangu ilifika. Afisa ni binti mmoja anaitwa Bi Rehema, mpole lakini macho makali.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mama."

Akasoma orodha yangu. Akaanza kuandika kwenye kompyuta, akasimama. "Babu, namba zao za vitambulisho?"

"Hawana."

"Hata huyu wa kwanza, Senzia? Namba ya simu?"

"Senzia hana simu. Ni babu yangu mzaa baba."

"Yuko hai?"

"Hapana."

"Na huyu Kiondo?"

"Alikufa kabla ya Uhuru."

Akaondoa mikono kwenye kompyuta. "Babu, kati ya hawa wote uliowaandika, aliye hai ni nani?"

Nikaipitia orodha kwa kidole kuanzia juu mpaka chini. Hakuna. Huko kwetu zamu ya maji inaitwa kwa jina la aliyechimba. Naita "Zamu ya Kiondo!" na mjukuu wa Kiondo anakwenda kufungua. Sikuwahi kufikiri kwamba nimeandika makaburi mazima. Nyuma yangu kwenye foleni watu walikuwa wanajiziba midomo, na Mama Naserian hakujiziba. "Mzee ameleta kikundi kisichokula!" akasema. "Hao hata chai ya mkutano hawatadai."

Bi Rehema hakucheka. "Babu, nikipokea hii wataniuliza mimi wanachama hewa nimewatoa wapi. Niletee walio hai, majina, vitambulisho, na kila mmoja asaini mwenyewe. Kesho saa tisa na nusu nafunga."

"Mamba ni mbali, mama."

"Najua, babu. Mimi sifungi kwa kupenda."

Wengine wangelala mjini wapige simu. Mimi nilikunywa chai kavu pale stendi, nikapanda gari ya saa saba kurudi nilikotoka. Magoti yalikuwa yanawaka. Nilipofika kwetu jua lilikuwa bado halijazama, nikapita nyumba kwa nyumba nikisema neno moja: kesho alfajiri, ndiva, njoo na kitambulisho.

Ijumaa saa kumi na mbili asubuhi baragumu lilipulizwa kama la msaragambo, na watu wakaja na majembe kwa mazoea. Nikawaambia leo tunachimba kwa kalamu. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Nyumba ya Kiondo kuna wajukuu watatu wa kiume, kila mmoja anasema zamu ni yake. Nyumba nyingine mwenye zamu yuko Dar es Salaam, hajagusa tope la ndiva miaka. Saa zinakwenda. Nikapanda juu ya ukuta, nikapaza sauti:

"Sikilizeni! Anayefungua maji kwa mkono wake, na anayekuja msaragambo, huyo ndiye anaandikwa. Mwingine hapana!"

Wakubwa wawili wa nyumba ya Kiondo wakamtazama mdogo wao, maana wote wanajua anayefungua ni yeye. Akasaini. Wakaja wajane, wakaja mabinti ambao majina yao sikuwahi kuyatamka pale ndivani hata siku moja. Mstari ukaenda vizuri mpaka tukafika zamu ya Senzia, ya nyumba yangu. Nikachukua kalamu.

Mzee Yohana, niliyetahiriwa naye pamoja, akakohoa. "Elieza, wewe jembe umeshika lini mara ya mwisho?"

"Mimi naita zamu."

"Kuita unaita. Maji anafungua nani?"

Maji ya nyumba yangu anafungua Nakiete, mke wa mwanangu, tangu magoti yangu yaliponikataa. Alikuwa amesimama palepale, gauni limelowa mpaka magotini.

"Baba, andika tu wewe," akasema polepole. "Mimi sina neno."

Niliona uchungu, sifichi. Babu yangu alibeba yale mawe. Lakini sheria nilikuwa nimeitangaza mimi, juu ya ukuta, watu wote wakisikia. Nikampa kalamu. Akaandika haraka, mwandiko wake mzuri kuliko wangu, na hilo nalo sikulipenda.

"Sasa twende wote," nikamwambia. "Fomu ina maneno mengi na mimi macho yamechoka."

Saa nane kasoro robo tulikuwa kwenye baraza lilelile. Watu walikuwa wanarudi kutoka swala ya Ijumaa. Bi Rehema akahesabu saini, akalinganisha na vitambulisho tulivyovibeba kwenye mfuko, kimoja kimoja, akatikisa kichwa kukubali. Kisha akainua macho.

"Babu, jina lako silioni."

"Halimo."

"Basi huwezi kuwasilisha. Anayewasilisha ni lazima awe mwanachama."

Siku mbili, milima kupanda na kushuka, kumbe mimi mwenyewe ndiye niliyezidi. Nikajisogeza pembeni ya meza.

"Mwanachama ni huyu," nikasema. "Anaitwa Nakiete."

Alikaa kwenye kiti. Aliulizwa kikundi kinafanya nini, akajibu bila kunitazama: maji yanaingia wapi, nani anasafisha mfereji, mwizi wa maji anafanywaje, ufa una urefu gani. Urefu wa ufa mimi nilikuwa siujui. Yeye alikuwa ameupima kwa mpini wa jembe. Mhuri uligongwa saa nane na nusu, faili letu likawekwa sakafuni juu ya la wale wa josho, nikamwona Mama Naserian, naye amerudi kufuatilia la kwake, anacheka mlangoni.

Jumamosi tulirudi, baada ya kulala kwa mpwa wangu aliyetupikia makande. Njiani niliwaza yale mafaili. Nilichojifunza ni kwamba nchi hii inabebwa na watu wengi mno wasioandikwa popote, na baadhi yao nilikuwa nakula nao meza moja.

Jumatatu asubuhi nikasimama ndivani kuita zamu. Ilipofika zamu ya nyumba yangu, jina la Senzia sikulitaja. Nikaita, "Zamu ya Nakiete!" Watu wakageuka kumtafuta, hawajazoea zamu ya mtu aliye hai, na yeye alikuwa ameshaingia majini, anavuta kizibo.